VPN kwenye ruta ya nyumbani: ya kutoka au ya kuingia, WireGuard au OpenVPN, na ruta ipi ibebe kazi hiyo

Mtu anayetaka kuweka VPN (njia iliyofichwa ya kupitisha data ndani ya intaneti) kwenye ruta ya nyumbani kwa kawaida huanza kwa kuuliza kampuni ipi ni nzuri, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni upande gani data zake zinaelekea. Kuna VPN ya kutoka, ambamo ruta ni mteja: inajiunga na seva iliyoko Nairobi, Johannesburg au Amsterdam, na vifaa vyote vya nyumbani huonekana huko nje kwa anwani ya seva hiyo. Kuna pia VPN ya kuingia, ambamo ruta yenyewe ndiyo seva: wewe uko safarini Mwanza au Muscat, simu yako inajiunga na nyumba yako iliyoko Tabata, na unafungua kamera za uani au diski ya picha kana kwamba umekaa sebuleni. Menyu za njia hizi mbili mara nyingi hukaa ukurasa mmoja na maelekezo yake hufanana, ndiyo maana nimekutana na watu waliolipia usajili wa mwaka mzima wa VPN ya kutoka wakiamini kwamba ndiyo itakayowafungulia kamera.

Tuimalize kwanza ya kuingia, kwa kuwa ina kikwazo kimoja ambacho ruta ya gharama kubwa haikiondoi. Ili simu iifikie nyumba, nyumba lazima iwe na anwani ya IP ya umma (namba inayofikika kutoka popote kwenye intaneti), na intaneti nyingi za nyumbani zinazokuja kwa laini ya 4G au 5G hazina anwani hiyo. Mtoa huduma huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa ghorofa wanaotumia sanduku moja la posta. Kupima ni rahisi. Soma anwani ya WAN (ile ya upande wa intaneti) kwenye ukurasa wa hali wa ruta yako, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutazama IP. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikianza na 10 au ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, safu iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, basi upo kwenye sanduku la pamoja, na poti yoyote (mlango wa data kutoka nje) utakayoifungua kwenye ruta yako haitasaidia kitu. Starlink, intaneti ya setelaiti iliyoanza kutoa huduma Kenya Julai 2023, nayo huwaweka wateja wake wa kawaida wa nyumbani katika utaratibu huo.

Aliyekwama hapo anaweza kumlipa mtoa huduma apewe anwani ya umma isiyobadilika, jambo ambalo kampuni za faiba hulitoa zaidi kwa wateja wa biashara. Anaweza pia kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, nyumba na simu zote zikajiunga nayo na kukutania hapo, ila atapaswa kuilinda seva hiyo mwenyewe na kuilipia kila mwezi. Njia ya tatu ni Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard (moja ya teknolojia mbili za VPN ninazozilinganisha hapa chini), nayo hukutanisha vifaa viwili vilivyofichwa bila kuhitaji poti iliyofunguliwa upande wowote. Kwa kamera na diski ya familia, mimi ningechagua Tailscale bila kusita, nikijua kwamba uratibu wa funguo za vifaa vyangu uko mikononi mwa kampuni ya watu wengine. Mwenye biashara yenye hesabu za wateja kwenye diski hiyo ana sababu ya kuvumilia usumbufu wa seva ya kukodi.

Kuanzia hapa nazungumzia VPN ya kutoka.

Ruta, au programu kwenye kila kifaa?

Sababu ya kweli ya kuweka VPN kwenye ruta ni vifaa visivyoweza kuwekewa programu: televisheni za zamani kidogo, visanduku vya kutazamia filamu, mashine za michezo, kamera. Kwa vifaa hivyo ruta haina mpinzani. Faida ya pili ni hesabu. Kampuni za VPN huweka ukomo wa vifaa kwa akaunti moja, kwa mfano Mullvad ya Sweden, inayotoza yuro 5 kwa mwezi, huruhusu vifaa vitano, na ruta huhesabiwa kuwa kifaa kimoja hata kama nyuma yake kuna simu kumi na mbili.

Programu kwenye simu, kwa upande wake, humfuata mtu anapotoka mlangoni, na humpa uwezo wa kuwasha na kuzima bila kumwathiri mwingine. Jambo hilo la pili linaonekana dogo mpaka siku umewasha VPN ya Amsterdam kwenye ruta na nyumba nzima ikaanza kulalamika: programu ya benki inakataa kuingia kwa sababu inaona mteja yuko Ulaya, tovuti ya kutafuta inajibu kwa Kidachi, na kijana anayecheza mpira wa kwenye kompyuta anaona mchezaji wake akichelewa kupiga. Kuchelewa huko si ubovu wa kampuni. Data kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya kupitia nyaya za chini ya bahari na kurudi huchukua zaidi ya milisekunde 100 hata siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, na ruta yenye mbio kiasi gani haiwezi kuufupisha umbali.

Kuna gharama nyingine ambayo maelekezo yaliyoandikwa Ulaya hayaitaji, kwa kuwa huko wengi hawanunui intaneti kwa GB. Kila pakiti inayopita ndani ya WireGuard juu ya IPv4 (aina ya zamani ya anwani za IP) hubeba baiti 60 za ziada, yaani karibu asilimia 4 ya pakiti iliyojaa. OpenVPN kwa kawaida hubeba zaidi. Kwa mwenye faiba isiyo na kikomo hilo halina maana, lakini kwa mwenye kifurushi cha GB 50 ni takriban GB 2 zinazolipwa bila kutazamwa. Zaidi ya hayo, kifurushi cha mitandao ya kijamii hakifanyi kazi ndani ya VPN, kwa sababu mtoa huduma anaona mkondo mmoja uliofichwa kwenda kwenye seva moja na hawezi kutambua kwamba ndani yake kuna WhatsApp. Matumizi yote hukatwa kwenye kifurushi kikuu.

Kwa hiyo nyumba yenye simu na kompyuta pekee haina haja ya kugusa ruta. Programu ya kila kifaa inatosha, na prosesa ya simu ya kawaida ya leo huibeba kazi ya usimbaji fiche vizuri kuliko prosesa ya ruta nyingi zilizoko sebuleni.

WireGuard na OpenVPN

OpenVPN ilianzishwa na James Yonan mwaka 2001 na imepimwa kwa zaidi ya miaka ishirini. WireGuard ni kazi ya Jason Donenfeld, ikaingizwa ndani ya kiini (kernel) cha mfumo wa Linux katika toleo la 5.6 lililotoka Machi 2020, na msimbo wake wa mwanzo ulikuwa wa mistari takriban elfu nne tu, kiasi ambacho mtaalamu mmoja anaweza kukisoma chote. Tofauti hiyo ya umri si hoja ya kuchagulia. Kinachoamua ni mahali kila moja inapofanyia kazi ndani ya ruta.

OpenVPN ya kawaida huendeshwa nje ya kiini cha mfumo: kila pakiti hutolewa kwenye kiini, hupelekwa kwenye programu, hufichwa, kisha hurudishwa, na yote hayo hufanywa na kore moja (core) ya prosesa hata kama ruta ina nne. Pia mara nyingi hutumia AES, mbinu ya usimbaji fiche ambayo ni nyepesi kwenye prosesa zenye maelekezo maalumu ya kuikokotoa na nzito kwenye prosesa za MIPS zilizojaa ndani ya ruta za zamani. WireGuard hukaa ndani ya kiini chenyewe na hutumia ChaCha20, mbinu nyingine iliyobuniwa ili iende haraka hata bila msaada wa maunzi. Matokeo yake huonekana wazi kwenye ruta ya zamani kama TP-Link Archer C7, yenye prosesa ya MIPS ya megahezi 720: kwa OpenVPN mara nyingi haivuki megabiti 20 kwa sekunde, ilhali kwa WireGuard ruta ileile huongeza kasi hiyo mara kadhaa. Mwenye faiba ya megabiti 10 anaweza asione tofauti yoyote. Mwenye megabiti 40 akiweka OpenVPN kwenye ruta ya namna hiyo atakuwa amejikatia nusu ya anacholipia.

OpenVPN 2.6, iliyotoka Januari 2023, imeleta njia ya kuhamishia usafirishaji wa data ndani ya kiini, na pengo limepungua kwenye ruta zenye programu endeshi inayoiunga mkono. Hata hivyo mwelekeo wa soko uko wazi. Mullvad, kwa mfano, ilitangaza kuachana na OpenVPN na kubaki na WireGuard pekee.

OpenVPN inabaki na ubora mmoja ambao WireGuard haina. WireGuard hutumia UDP tu (usafirishaji wa pakiti usiosubiri uthibitisho), na haijaribu kujificha kwamba ni VPN. Kwenye mtandao unaozuia UDP, kama wa baadhi ya ofisi, hosteli na vyuo, haitapita kabisa. OpenVPN inaweza kuendeshwa kwa TCP (usafirishaji unaorudia pakiti zilizopotea) kwenye poti 443, ileile ya tovuti salama, na hupita pale ambapo kichujio kinatazama namba ya poti peke yake. Kichujio kinachochunguza umbo la pakiti kitazitambua zote mbili. Bei ya TCP hulipwa siku mawimbi ya simu yanapokuwa dhaifu. TCP iliyo ndani na TCP iliyo nje zote hujaribu kurudia pakiti zilizopotea, zikarudiana juu ya nyingine, na mtandao uliokuwa unakokota miguu husimama kabisa. Kwenye laini ya 4G yenye vibao viwili vya mawimbi, sitaiweka OpenVPN ya TCP kwa hiari yangu.

PPTP, aina ya zamani ya VPN, bado imo kwenye menyu za ruta nyingi, na hupendwa kwa kuwa huhitaji jina na nywila tu. Ipite. Tangu mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba uthibitishaji wake unaweza kuvunjwa kwa uhakika.

Tahadhari moja kwa atakayechagua WireGuard: faili la usanidi unalopakua kwenye tovuti ya kampuni yako lina ufunguo wa siri wa kifaa kimoja. Ukiliweka faili hilohilo kwenye ruta na kwenye simu, seva itamfuata yule aliyezungumza mwisho, na vifaa hivyo viwili vitanyang'anyana mkondo siku nzima, kila kimoja kikikatika kwa zamu. Tengeneza faili tofauti kwa kila kifaa. Na kabla ya kulipa usajili, hakikisha kampuni inatoa faili hilo kwa ajili ya ruta, kwa maana zipo zinazoiweka WireGuard ndani ya programu zao tu.

Ruta ya kubebeshwa

Ruta iliyoletwa na mtoa huduma kwa kawaida haina sehemu ya mteja wa VPN, na hata ikiwa nayo, mipangilio yake inaweza kufutwa siku mtoa huduma anapoisasisha kwa mbali. Iache ifanye kazi yake, na uweke ruta ya pili nyuma yake kwa waya. Chaguo la ruta hiyo ya pili ndilo linaloamua kama utamaliza kazi kwa dakika ishirini au kwa wikendi nzima.

OpenWrt, mfumo huria wa ruta ulioanza mwaka 2004, ndiyo njia ya asiyetaka kununua kitu kipya. Inatoa udhibiti kamili na haina gharama, lakini kwanza tazama kumbukumbu ya ruta yako: zenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za RAM ziliachwa nyuma baada ya toleo la 19.07, na zenye 8 na 64 hazina maisha marefu mbele yao. Tazama pia toleo la maunzi lililoandikwa kwenye kibandiko cha chini, kwani ruta mbili zenye jina moja dukani zinaweza kuwa na prosesa tofauti kabisa. Niliwahi kuipakia ruta programu endeshi ya toleo la jirani yake kwa kutosoma kibandiko hicho, na tangu siku hiyo taa yake moja huwaka tu bila kusema neno.

GL.iNet huuza ruta ndogo ambazo tayari zina OpenWrt ndani, juu yake wakaweka kurasa rahisi ambamo unapakia faili la WireGuard na kubonyeza kitufe. Kwa GL-MT3000, mojawapo ya ruta hizo, mtengenezaji alitangaza kasi ya hadi megabiti 300 kwa sekunde kwa WireGuard na 150 kwa OpenVPN. Ukipata nusu ya hizo bado umeizidi intaneti ya nyumba nyingi za hapa. Mtego wake ni mmoja, nao huwapata zaidi watu wetu: ruta hizi hutoka kiwandani na anwani 192.168.8.1, na ruta nyingi za laini za Huawei hutumia anwani hiyohiyo. Zikiunganishwa bila kubadilisha mojawapo, hakuna kitakachofunguka, na mwenye nazo atadhani kifaa kipya ni kibovu. Ibadilishe ya nyuma kuwa 192.168.30.1 kabla ya kuchomeka waya.

ASUS ni nzuri kwa nyumba kubwa inayohitaji Wi-Fi imara na VPN katika kifaa kimoja, na miundo yake mingi mipya huruhusu kuchagua kifaa kipi kipite VPN na kipi kisipite, ingawa bei yake huwa juu ya GL.iNet. MikroTik iko mikononi mwa mafundi wengi wa mitandao wa ukanda huu, inadumu, na ilipata WireGuard kuanzia RouterOS 7. Hata hivyo kurasa zake ziliandikwa kwa ajili ya mafundi, na kosa dogo kwenye kanuni za ulinzi linaweza kuiacha nyumba wazi. Kama una fundi unayemwamini, ichukue. Kama huna, GL.iNet inakutosha.

Ni kifaa kipi kipite ndani

Baada ya kujaribu nyumba nzima ndani ya VPN kwa miezi kadhaa, nimefikia msimamo kwamba ruta ya VPN inafaa zaidi inapobeba sehemu ya nyumba tu. Ruta ya mtoa huduma inaendelea na Wi-Fi yake ya kila siku, simu za benki na za miamala zikiwa humo. Ruta ya pili ina Wi-Fi yenye jina lake, na televisheni na kompyuta ya kazi ndizo zinazoishi huko. Anayetaka VPN anabadilisha Wi-Fi, na anayetaka kutoka anarudi. Hata bibi aliyekuja kutembea anaweza kufundishwa kwa sentensi moja. Njia mbadala ni kutumia ruta moja na kuandika kanuni za kila kifaa, kama ASUS, GL.iNet na OpenWrt zinavyoruhusu. Ni njia safi zaidi kiufundi, ila simu za siku hizi hubadilisha anwani ya MAC (namba inayokitambulisha kifaa kwenye Wi-Fi) kila zinapojiunga na mtandao mpya, na kanuni uliyomwandikia mama inaweza isimtambue tena.

Jambo linalotofautisha sana ruta hizi mahali ambapo umeme hukatika, na ambalo sijaliona likitajwa kwenye ulinganisho wowote, ni saa. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, ruta huamka ikiwa na saa ya nyuma na kuiuliza seva ya wakati huko nje. Kila ombi la kuanza mkondo wa WireGuard hubeba muhuri wa wakati, na seva hukataa muhuri ulio nyuma ya ule wa mwisho iliouona, ili mtu asirudie ombi la zamani. OpenVPN nayo hukataa cheti ambacho, kwa saa ya ruta, bado hakijaanza kutumika. Sasa kama umeweka kanuni kwamba hakuna data inayotoka nje ya VPN, swali la saa nalo linazuiwa: VPN inasubiri saa, saa inasubiri VPN, na televisheni inabaki gizani mpaka mtu agundue. Jina la seva linalohitaji DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP) huleta fundo la aina hiyohiyo. Tiba ni kuruhusu maswali ya wakati na DNS ya ruta yenyewe yapite nje ya VPN, au kuandika anwani ya IP ya seva badala ya jina lake. Kwenye OpenWrt na MikroTik kazi hii ni yako mwenyewe. Kwenye ruta zenye kurasa rahisi, jaribu kuizima na kuiwasha mara tatu kabla ya kuiamini.

Sheria

Kwa msomaji aliyeko Tanzania, sheria nayo huingia kwenye uchaguzi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu binafsi na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN kuwasilisha taarifa zao, ikiwamo anwani ya IP, kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, ikirejea Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (Maudhui ya Mtandaoni) za mwaka 2020. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwenye ruta inayojiunga na seva moja yenye anwani isiyobadilika ana kitu cha kukiandika kwenye fomu. Mwenye programu ya simu inayohamahama kila siku kutoka nchi moja hadi nyingine atapata shida kukitaja.

Ukishamaliza kufunga, fanya jaribio moja kabla ya kuiita kazi imekwisha. Jiunge na Wi-Fi ya VPN, hakikisha tovuti ya kutazama IP inaonyesha anwani ya seva na haionyeshi anwani yoyote ya IPv6 (aina mpya na ndefu ya anwani ya IP) ya mtoa huduma wako, kisha ingia kwenye ruta na uharibu kwa makusudi herufi moja ya ufunguo ili mkondo ushindwe kuanza. Kama tovuti hiyo bado inafunguka na kuonyesha anwani ya nyumbani, ruta yako hutoa data nje kimyakimya kila VPN inapokatika, na kwenye menyu yake kuna kitufe cha kuzuia hilo ambacho bado hujakiwasha.